Pointi Ishirini na Mbili na Kipimo cha Mzee Kimmich

Alhamisi, 6 Novemba

Leo, saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, nimepoteza pointi ishirini na mbili za reli nilizozitengeneza kwa mkono majira matatu ya baridi, pamoja na ufunguo wa ghala la chama chetu cha treni ndogo za mfano, ufunguo niliokaa nao miaka kumi na tisa. Kura tisa kwa tatu. Mmoja hakuinua mkono upande wowote, akasema mgongo unamuuma.

Naandika ili baadaye mtu asije akaniambia sikumbuki vizuri.

Hoja aliisoma Volkmar Pfisterer, aliyestaafu posta na bado anasoma kila kitu kama anaita majina ya wenye vifurushi. Alisema kwenye maonyesho ya mwaka juzi-juzi, mwaka zilipowekwa pointi zangu, injini ziliacha reli mara thelathini na sita. Mwaka uliofuata, mara sabini na tisa. Mwaka jana, mia moja na kumi na nane. Zote kwenye pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Nani alizitengeneza? Stäbler. Basi zing'olewe, ziwekwe za dukani.

Nikauliza swali moja tu: ni injini zipi zinazoanguka?

Volkmar akavua miwani. "Gebhard, mtu akivunjika mguu kwenye ngazi yako, utamuuliza kiatu chake namba ngapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi ningecheka kama ngazi isingekuwa yangu. Lakini namba ya kiatu ndilo swali lenyewe.

Roswitha Kimmich, mwenyekiti wetu, binti wa mzee aliyeanzisha chama, aliinua mkono wa tisa, wa mwisho. Hakunitazama. Alikuwa anakitazama kile kisanduku cha kioo ukutani chenye kipimo cha baba yake. Kisha akanyoosha kiganja mezani na kusema, "Ufunguo, Bwana Stäbler, tafadhali." Miaka kumi na tisa ameniita Gebhard.

Jumamosi, 8 Novemba

Ukungu. Mke wangu Hanne kapika dengu na soseji. Nimekula nimesimama.

Jumapili, 9 Novemba

Baridi kali ya kwanza. Tukitoka kununua mkate tulipita mbele ya nyumba ya wazee. Ule mti mkubwa wa uani umeangusha majani yote kwa usiku mmoja, wafagiaji wawili wamesimama katikati hawajui waanzie wapi. Jana ulikuwa umejaa. Hanne alisema hivyo ndivyo inavyokuwa. Sikumuuliza anazungumzia nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Alhamisi ya kwanza nyumbani badala ya chamani. Ilipofika saa kumi na moja nilivaa koti, nikalivua, nikalivaa tena. Hanne akaniambia nichague, nitoke au nikae, maana anashindwa kuhesabu mafundo ya kufuma.

Nilianza kazi na miaka kumi na minne, nafagia vyuma vilivyokerezwa na wenzangu. Sikurithi hata nati moja. Nilipouza karakana yangu ilikuwa na wakerezaji thelathini na mmoja, na kwa miaka ishirini na sita hakuna mteja aliyenirudishia kasha kwa sababu ya kipimo. Leo naambiwa na mtu wa posta kwamba sijui milimita.

Pointi ina moyo, kipande chenye ncha ambapo reli mbili zinakatana. Mbele ya moyo upande wa pili kuna reli fupi ya ulinzi, kazi yake kuvuta gurudumu lisipige ile ncha. Gurudumu na mwenzake wamefungwa kwenye ekseli moja, na nafasi kati ya migongo yao inatakiwa iwe milimita 14.4. Mimi nilijenga pointi zangu zitake 14.1 tu, zibaki sehemu tatu za kumi za kupumulia. Ekseli iliyo sahihi hupita hapo kama uzi kwenye tundu la sindano. Iliyobana hupanda juu ya reli ya ulinzi, na iliyopanda huanguka.

Kila moyo niliuchonga kwa tupa, nikalehemu, nikapima mara sita. Ishirini na mbili mara sita ni mia na thelathini na mbili. Vipimo vyote ninavyo kwenye daftari la kijani. Hakuna aliyeomba kuliona.

Jumamosi, 15 Novemba

Volkmar kaleta pointi zangu mlangoni katika kreti la viazi. Walizing'oa kwa bisibisi, na mbili zimepinda. Hakuwa na ubaya usoni, nadhani hata alitaka kuniliwaza. Akasema, "Kreti nalo libaki kwako. Masika ukapandie viazi."

Nikamshukuru kwa kreti.

Alhamisi, 20 Novemba

Ukungu. Alhamisi ya pili.

Alhamisi, 27 Novemba

Ukungu tena. Hanne kamaliza soksi moja.

Jumapili, 30 Novemba

Maonyesho yamefunguliwa. Nimekata tiketi kama mtu baki, nikaingia kwenye ghala nililolipaka rangi mwenyewe.

Nilivuta kiti hadi upande wa stesheni kubwa, zilipo pointi mpya za dukani, nikakaa saa tatu na penseli. Watoto walinizunguka, wakidhani mimi ni mpimaji wa serikali.

Desturi ya chama chetu kila mtu anaijua. Kila Septemba injini hukaguliwa kwa kipimo cha Mzee Kimmich, kipande cha shaba njano alichokikereza mwenyewe mwaka wa kuanzishwa chama. Kinawekwa kati ya magurudumu mawili, na magurudumu yanasukumwa mpaka yakiguse pande zote. Injini iliyopita hubandikwa doa la kijani tumboni. Zamani ilikaguliwa injini mpya tu. Volkmar alipopewa ukaguzi, miaka minne sasa, aliamuru zikaguliwe zote, kila mwaka. Zisizoguswa ni nane tu za Mzee Kimmich mwenyewe, kwa heshima, na zile za wageni.

Hesabu yangu ni hii. Injini zenye doa la kijani zilipita pointi mara 212 na kuanguka mara 17. Zisizo na doa zilipita mara 64. Zilizoanguka, sifuri.

Niliisoma ile sifuri mara kadhaa.

Pointi za dukani zina njia pana na legevu, zinasamehe. Ndiyo maana mwaka huu zinaanguka kidogo kuliko mwaka jana. Jioni walinyanyua vikombe vya mvinyo wa moto, na Volkmar akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Nyuma yake injini ya mizigo ikalala ubavu. Akaisimamisha kwa kidole bila kukatisha hotuba.

Adelheid Rommel, mmoja wa wale watatu walionipigia kura, kanikopesha injini zake tatu zenye doa. Kazifunga kwenye leso, kazitia mfukoni mwangu, kasema, "Usiniambie unazipeleka wapi. Nikiulizwa niseme kweli."

Jumanne, 2 Desemba

Injini tatu, ekseli kumi na moja. Nimezipima kwa maikromita yangu, ile niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza kamili.

13.98. 13.98. 13.97. 13.98. 13.98. Na kuendelea hivyo mpaka ya kumi na moja.

Niliweka penseli chini. Tangu ile kura nilikuwa namlaani Volkmar kimoyomoyo kwamba mkono wake mzito. Lakini mkono ukikosea, hukosea kila mara kivyake, leo huku kesho kule. Kitu kinachokosea sawasawa mara kumi na moja si mkono, ni kifaa.

Kipimo cha Mzee Kimmich kimelika.

Na najua kimelikaje. Kila tarehe ya kuzaliwa chama, kabla ya bia, mwanachama mmoja hupewa heshima ya kukitoa kwenye kioo na kukisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka mwenyekiti ajione uso ndani yake. Tunaimba wakati mwenzetu anasugua. Mara thelathini na nane sasa. Toa 13.98 kwenye 14.40, inabaki 0.42. Gawa kwa thelathini na nane: sehemu moja ya mia na kidogo ya milimita kila mwaka, kwa pande zote mbili. Kila mwaka kiling'aa zaidi na kikadanganya zaidi, na kila Septemba tukazibana injini zetu zilingane na uongo huo. Aliyefuata kanuni kwa uaminifu kuliko wote ndiye aliyeanguka kuliko wote.

Hanne aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia mimi nimepewa heshima ile mara sita. Nilipima kila kitu katika maisha yangu isipokuwa kile.

Ekseli za Adelheid nimezirudisha kwenye 14.4. Kazi ya nusu saa, na mkono huizoea upesi. Injini zote za chama ni kazi ya siku mbili.

Alhamisi, 4 Desemba

Nilikwenda. Nilisimama mlangoni mpaka nikaruhusiwa kuzungumza, nikasoma hesabu yote, nikamaliza kwa kuomba kisanduku kifunguliwe na kipimo kipimwe mbele ya watu. Dakika moja. Maikromita ilikuwa mkononi.

Volkmar akasema, "Akitoka hapa ataingia kanisani kupima kama msalaba umenyooka." Wakacheka, lakini kidogo kuliko Novemba, na wawili watatu waligeuka kukitazama kisanduku.

Roswitha hakucheka. Ufunguo wa kisanduku uko shingoni mwake. Aliushika juu ya sweta akasema, "Kipimo hakipimwi, Bwana Stäbler. Kipimo ndicho kinachopima. Kuna lingine?"

Mwanamke huyu ni mhandisi wa madaraja. Daraja la bonde la chini amelikagua yeye. Nilirudi nyumbani nikimwona mjinga, na nikafurahi kumwona mjinga, maana ilikuwa rahisi.

Jumamosi, 6 Desemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili, 14 Desemba

Nimekwenda nyumba ya wazee kumwona Mzee Eugen Kimmich. Umri wake miaka tisini na moja. Nilijiambia naenda kumsalimia. Si kweli, nilikwenda kutafuta shahidi.

Alikuwa dirishani na blanketi magotini, mbele yake ule mti mtupu. Hakunitambua, lakini alinitazama mikono akasema, "Wewe mkerezaji."

"Ndiyo, Mzee. Stäbler."

"Hao wa chama, bado wanakisugua kile kipimo?"

Nikasema wanakisugua.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilisema kipakwe mafuta. Shaba inapakwa mafuta. Lakini wao wanapenda king'ae." Kisha akainua vidole viwili, akaviacha na mwanya mdogo kati yake, kama amekishika. "Kumi na nne nukta nne. Niliharibu vitano kabla ya kile."

Nikamwuliza, kama nilivyopanga njiani, kama amewahi kumwambia mtu mwingine saizi hiyo.

"Roswitha aliniuliza," akasema. "Alikaa hapo ulipokaa. Akauliza, Baba, kilikuwa ngapi hasa? Nikamwambia. Akalia. Sijui alililia nini, mtoto yule hakuwa mlizi."

"Alikuja lini, Mzee?"

Akaonyesha nje kwa kidevu. "Majani yalikuwa bado mtini."

Nimefika nyumbani nikafungua daftari hili. Majani yale yalianguka usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba. Kura ilipigwa tarehe 6. Basi alimwuliza baba yake kabla ya kura, au katika siku mbili zilizofuata. Zaidi ya hapo hesabu haiendi.

Jumatatu, 15 Desemba

Sikulala vizuri. Basi anajua, na si mjinga: asingeuliza kilikuwa ngapi hasa kama hajakipima kwanza. Ningependa awe mjinga.

Alhamisi, 25 Desemba

Sikukuu. Saladi ya viazi. Hanne kasema nisizungumzie ekseli mezani, nikatii mpaka kwenye kahawa.

Jumanne, 6 Januari

Theluji hadi magotini. Siku ya mwisho ya maonyesho.

Adelheid aliweka relini zile injini tatu nilizozirekebisha. Zilipita pointi mara hamsini na nane, sifuri. Watu walianza kusogea upande ule. Mmoja wa waliokuwa wamepiga kura dhidi yangu alininong'oneza, "Umezifanya nini?" Kwa dakika kumi hivi, lazima nikiri, nilipata matumaini.

Kisha Volkmar akaja na kisanduku mkononi. Roswitha alimfungulia kwa ufunguo wake, yeye mwenyewe. Volkmar akakiweka kipimo kati ya magurudumu ya injini ya kwanza, kikacheza ndani kama jino linalotoka. Ya pili vilevile. Akabandua madoa ya kijani mbele ya wageni, moja, mbili, tatu.

"Hazijapita," akasema. "Kanuni ni kanuni, Adelheid. Zitoke."

Injini tatu pekee zenye doa ambazo hazianguki zimefukuzwa kwa sababu hazianguki.

Nilitoka nje kuvuta hewa. Roswitha alikuwa uani anasafisha theluji kwa koleo, ingawa si kazi ya mwenyekiti. Nilimwambia kwamba najua alimwuliza baba yake saizi majani yakiwa bado mtini. Alisimama akaegemea koleo, na pumzi yake ikaonekana.

"Baba yangu amebakiwa na mambo mawili kichwani," akasema. "Jina la mama, na kile kipimo. Jina la mama wiki iliyopita lilimpotea siku mbili. Unataka nimfanye nini?"

Nikamwambia mimi sikumgusa baba yake, mimi ndiye niliyeng'olewa.

"Wewe utapona, Gebhard," akasema. Akaendelea na theluji.

Kaniita Gebhard. Njia nzima nilijaribu kukasirika, hasira ikanijia nusu nusu.

Alhamisi, 8 Januari

Nimezinyoosha zile pointi mbili zilizopinda. Sijui kwa nini. Zimerudi kwenye kreti.

Jumatano, 14 Januari

Mvua juu ya theluji. Barabara zimekuwa kioo.

Jumatatu, 19 Januari

Mzee Eugen Kimmich amefariki leo alfajiri. Kengele ya kanisa la chini imepigwa saa nne. Hanne alizima redio.

Jumatano, 21 Januari

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ghala. Mazishi ni Jumamosi, saa nane mchana. Chama kitatembea nyuma ya jeneza na bendera. Na mstari wa mwisho: kwa heshima ya mwanzilishi, kipimo chake kitawekwa jenezani mikononi mwake, na jeneza litafungwa Ijumaa jioni. Volkmar amepewa kukisugua mara ya mwisho.

Mara ya thelathini na tisa.

Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Kikishazikwa, hakuna tena kitu cha kupima. Volkmar keshaagiza kipya, kikerezwe kwa kufuata cha zamani, kwa saizi kilivyo leo baada ya kusuguliwa. Maana yake wataenda nao uongo huo miaka thelathini na minane mingine, na pointi za Stäbler zitabaki hadithi ya kuchekesha wageni.

Hanne aliuliza nitafanya nini. Nikamwambia hakuna la kufanya. Akaniambia, "Basi andika. Wewe huwezi kukaa na namba tumboni."

Alhamisi, 22 Januari

Barua hii nimeinakili hapa kabla ya kuipeleka. Nimeitia mwenyewe kwenye sanduku lake la barua saa tatu asubuhi.

"Roswitha,

Pole kwa msiba. Baba yako alikuwa mkerezaji bora kuliko mimi, aliharibu vitano na kukiri.

Sitakuja kaburini na maikromita. Siombi kisanduku kifunguliwe, wala pointi zangu zirudi. Ziko kwenye kreti la viazi na huko zitakaa. Kama kile kitakachowekwa mikononi mwake kinampa amani, naye apumzike nacho. Kilipokuwa kipya kilikuwa sahihi, na hakuna atakayenisikia nikisema vingine.

Kimelika milimita 0.42 kwa kusuguliwa mara thelathini na nane. Sita kati ya hizo ni mimi. Sehemu yangu basi ni 0.066, nami naikiri kwa maandishi, jina langu liko chini. Sijui wengine watakiri lini.

Nimekulaumu tangu Novemba kwa kutojua. Sasa najua ulijua, na lawama imenishinda kuiweka mahali. Kama ulikipima baada ya kura, ulikuta jambo limeshafanyika na baba yako bado hai, nami ningefanya kama wewe. Nitanyamaza, na Alhamisi nitakuja kubeba viti kama zamani mkiniruhusu.

Lakini kama ulikipima kabla, basi ulikaa mbele yangu jioni ile unajua kwamba pointi zangu ni sahihi, ukainua mkono, ukaniomba ufunguo. Hilo ni jambo jingine, na linataka jina lake.

Majani hayanisaidii zaidi ya siku mbili. Wewe peke yako unaweza.

Usinieleze juu ya baba yako, nimeelewa. Usimtume Volkmar. Nataka neno moja, la mdomo wako au la mkono wako: ulikipima kabla ya kuinua mkono, au baada?

Nitakuwa nyumbani. Jeneza linafungwa kesho, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Nijibu kabla ya hapo.

Gebhard Stäbler"